Miezi Mitatu Kabla ya Hong Kong

Kwa miaka ishirini Mize binti Kombo alikuwa akichemsha majongoo ya bahari kisiwani Chole, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwona mtu anayeyala. Mumewe, Shamte, aliyazamia kwenye miamba ya nje ya kisiwa cha Juani. Mize aliyapasua, akayachemsha katika sufuria kubwa la shaba, akayafukia mchangani siku moja ili ngozi ilegee, akayasugua, akayachemsha tena, kisha akayaanika na kuyamalizia moshini mpaka yakawa magumu kama kwato. Tajiri wao, Bwana Hilal bin Muhsin, aliyatia magunia akayapeleka Unguja, na kutoka Unguja yalikwenda Uchina. Yakifika huko yanafanywa nini, pale Chole kila mtu alikuwa na lake. Wengine walisema ni dawa, wengine walisema ni chakula cha wafalme, na mama mkwe wake, Bi Bimkubwa, alishikilia kwamba yanasagwa yakawa rangi ya nguo.

Hiyo ilikuwa enzi ya Wadachi, mwaka wa 1910, mwezi wa Rajabu. Asubuhi moja Bwana Hilal alikuja uwanjani kwao, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akamtaka Shamte akae karibu.

"Mzigo wetu wa mwaka huu umewekwa daraja la mwisho," alisema. "Wakala wa Unguja anasema wanunuzi wa Hong Kong wanalalamika. Nikimuuliza wanalalamikia nini, ananiambia harufu, mara mchanga, mara mkato. Nimechoka kusikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Nataka mtu wangu aende na magunia, asimame sokoni, aone wenyewe wanachagua vipi. Nawe ndiye unayeyajua majongoo."

Shamte alikubali kabla Bwana Hilal hajafunga mdomo. Mize, aliyekuwa akikoleza moto, alimtazama mumewe akaona uso wake umekuwa kama wa kijana. Kwa miaka kumi na tano Shamte alikuwa mzamiaji wa kwanza Chole, na sasa wenzake wadogo walikuwa wanamtangulia kwenye maji marefu. Safari hii ilikuwa imemrudishia kitu.

Meli ya Bombay ingepita Unguja baada ya Idi, kwa hiyo walikuwa na miezi mitatu. Bwana Hilal alishapanga namna ya kuitumia. Pale Chole alikuwepo seremala mmoja Mchina, aliyeletwa Tanga zamani pamoja na vibarua wa mashamba. Mkataba wake ulipokwisha alipanda chombo kilichokuwa kinakwenda kusini, akashuka Chole, akakaa. Jina lake lilikuwa A-Lam. Watu walimwita Fundi Alamu, na wapo waliodhani ni mtu wa Lamu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ila aliongea polepole. Bwana Hilal alimwomba amfundishe Shamte maneno ya sokoni, kila siku baada ya sala ya alasiri, na Mize akaambiwa awepo na vikapu vyake, ili kila aina ya jongoo ijulikane jina lake la huko.

Siku ya kwanza Fundi Alamu aliwakalisha bandani kwake, kwenye vumbi la mbao, akaanza na namba. Moja ni *yat*. Saba ni *chat*. Nane ni *pat*. Kisha akawafundisha neno *mai*.

"Neno hili lina watoto wawili," alisema. "Ukilitamka chini, kisha sauti ikapanda kidogo, maana yake nanunua. Ukilitamka likabaki chini, maana yake nauza. Mtu akikosea hapa anaweza kupoteza gunia zima."

Mize alilijaribu moyoni huku akipanga majongoo yake. Aliona si jambo geni sana. Hata kwao, mtu akisema "unakwenda", wamsikiao wanajua kwa sauti tu kama anauliza au anaamrisha. Lakini kilichomfurahisha zaidi ni neno la "mimi". Fundi alisema Mdachi mmoja wa boma aliwahi kumtaka amfundishe, akashindwa palepale penye "mimi", maana neno lenyewe ni *ng'o*. Mswahili hawezi kushindwa na hilo. Kwao ni neno la kukatalia katakata. Na "si" ya kukanusha ni *m* tupu, iliyosimama peke yake kama ile ya mtu na mto. Basi sentensi ya kwanza Mize aliyoweza kuisema yote ilikuwa hii: *Ng'o m sik chu yuk*, mimi sili nguruwe. Aliirudia njiani mpaka nyumbani, na Bi Bimkubwa alipomuuliza ananung'unika nini, akamweleza.

"Ng'o ng'o hiyo ndiyo inayofaa," mama mkwe alisema. "Wasije wakadhani mwanangu anataka kubembelezwa."

Nyumbani maandalizi yalikwenda upande wake. Fundi alikuwa amesema kwamba kule kuna miezi ambayo mtu akihema anatoa moshi mdomoni, kwa hiyo Mize na mama mkwe wake walishona koti la vitambaa viwili, katikati wakajaza sufi waliyoichambua mbegu moja moja, kisha wakalitia mishono ya mraba isije sufi ikaporomoka chini. Walikausha samaki wa ng'onda. Waliuliza tende ya Maskati inayokaa muda mrefu bila kuingia wadudu. Mwalimu Mbaraka wa msikitini alimweleza Shamte kusali safarini, namna ya kupunguza na kukusanya, na akamtahadharisha juu ya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Hapa kwetu tunaelekea kaskazini tukisali. Kule Uchina kibla kiko machweo. "Ukisahau ukasali kwa mazoea," alisema, "utakuwa umeipa Makka ubavu."

Wiki ya tatu, Mize alianza kupata wasiwasi.

Kwamba sikio la kulia la mumewe lilikuwa zito, hilo alilijua. Kila mzamiaji wa zamani alikuwa na sikio moja la namna hiyo. Maji marefu hupiga masikio. Kwa hiyo kitandani Mize alilala upande wa kushoto wake, na mchana akiwa na la kumwambia alimzunguka kwenda upande huo. Lilikuwa limekuwa jambo la nyumba, kama mlango unaokwaruza, mtu hata haukumbuki. Lakini pale bandani aliona kitu kingine. Fundi akimtazama Shamte usoni, Shamte alijibu. Fundi akiinama kutafuta msumari akiwa bado anazungumza, Shamte alitabasamu tu.

Siku moja Fundi alikuwa amewapa mgongo, anapiga randa. Bila kugeuka akasema, "*Chat*."

"Moja," Shamte alijibu.

Randa ikasimama. Fundi akasema tena, "*Pat*."

"Moja."

Fundi alimtazama Mize mara moja tu, kisha akaendelea na ubao wake. Mize aliona aibu, kana kwamba ni yeye aliyekosea. Sikio la kushoto nalo lilikuwa linakwenda. Shamte alikuwa anasikia *at* tu, na lililobaki analisoma kwenye midomo ya watu.

Alikaa na jambo hilo siku tatu. Kama angemwambia Bwana Hilal, angekuwa amemvua mumewe nguo mbele ya watu. Kama angenyamaza, mtu wake angesimama katika soko la ugeni ambako midomo yenyewe inachezwa kwa namna asiyoizoea, mkononi ana mzigo wa mtu mwingine, anaitikia asichokisikia. Aliwaza pia jambo dogo, ambalo ndilo lililomuuma zaidi. Ilikuwa kwamba Shamte hakumwambia. Kila siku alimzunguka kwenda upande wake wa kushoto, naye kila siku alimwacha azunguke bure.

Siku ya nne walikuwa wawili tu uwanjani, wanafukua majongoo ya jana. Mize alikaa mbele yake, uso kwa uso.

"Baba Biubwa," alisema, akimwita kwa jina la binti yao, "tangu lini la kushoto?"

Shamte aliendelea kufukua. Alitoa jongoo moja, akalipangusa mchanga, akaliweka kikapuni, akatoa la pili.

"Tangu mfungo uliopita," alisema mwishowe. "Nilizamia pale penye mkondo. Kukatokea mlio, kisha mlio wenyewe ukanyamaza."

"Na mimi?"

"Wewe ningekwambia nini? Kwamba unaongea na gogo?"

"Ungeniambia hivyo hivyo. Ningeongea na gogo langu nikijua."

Shamte alicheka kidogo bila furaha. Kisha akamwambia kwa sauti ya chini mno, maana watu wa masikio mazito hawajui sauti yao ilipofika, kwamba kuzamia hawezi tena. Daktari wa Wadachi aliyepita kuchanja ndui alimwangalia akamkataza. Safari hii ndiyo kazi iliyobaki. Akiikosa, atakaa barazani asikilize watu wasiosikika.

Walimaliza shimo, wakaosha mikono baharini. Ndipo Mize akasema, "*Chat* ni saba. *Pat* ni nane. Mimi nazisikia zote. Nilikuwa nazisikia tangu siku ya kwanza."

Kwenda kwa Bwana Hilal lilikuwa wazo la Shamte, na Mize alilihesabu hilo daima kuwa ndilo tendo kubwa alilopata kumwona akilifanya, kuliko kuzamia kokote. Walimkuta Bwana Hilal barazani kwake na kikombe cha kahawa. Shamte aliamkia, akaitikiwa, akakataa kukaa.

"Bwana, nimekuficha jambo. Masikio yangu yote mawili yamekwisha. Naweza kulishika jongoo nikakwambia limechemshwa mara ngapi, lakini bei sitaisikia. Mwenye kusikia ni huyu mke wangu. Na ukitaka ukweli wote, mwenye kuchemsha pia ni yeye. Malalamiko ya hao watu si juu ya kuzamia kwangu, ni juu ya sufuria lake. Ukinituma mimi peke yangu, unatuma mkono bila kichwa."

Bwana Hilal aliizungusha kahawa yake muda mrefu. Alikuwa mtu wa taratibu, na jamaa zake wangemsema kwa kumtuma mwanamke. Alimuuliza Mize, bila kumtazama sana, kama yuko tayari kuvuka bahari.

"Nikiwa na mume wangu, Bwana, naenda."

"Fundi Alamu anasemaje juu yako?"

"Hajasema. Mwulize."

Alimwita Fundi. Fundi alifika na vumbi la mbao nyusini, akaulizwa, akajibu kwamba mama huyu alikuwa anafundishika toka mwanzo, ila yeye hakuulizwa. Basi likapita.

Nyumbani halikupita kwa wepesi namna hiyo. Bi Bimkubwa alisusa siku mbili. Alisema haijasikika mwanamke wa Chole kuvuka bahari kwa ajili ya wadudu, na kama ni Hija angeelewa. Siku ya tatu Mize alimkuta amekaa mkekani, amekwisha kata kitambaa cha koti la pili, na mbele yake kuna fungu la sufi.

"Wewe mwembamba," mama mkwe alisema bila kuinua macho. "Lako nalitia mara mbili."

Sasa masomo yalikuwa ya Mize, na Shamte alikaa kando akiyajaribu majongoo kwa vidole. Walibuni ishara zao. Mize akimgusa kifundo cha mkono mara moja, mnunuzi anasifu. Mara mbili, anashusha bei. Bomani Mdachi aliyeandika cheti cha safari aliuliza mara mbili kama mwanamke naye anakwenda, na kazi yake nini. Karani alitafsiri. Mize akasema, "Mchemshaji." Likaandikwa neno refu la Kidachi ambalo hakuna aliyewasomea. Wakachanjwa ndui wote wawili, na mkono wa Mize ukavimba wiki nzima.

Kisha Fundi akasema kuna jambo limebaki. Sokoni, mfanyabiashara akikupenda atakukaribisha chakula, na chakula chenyewe kitakuwa jongoo. Ukikunja uso umemtukana, tena unamwonyesha kwamba unauza usichokithamini. Mize alikwenda kwa Mwalimu Mbaraka, akauliza, akaambiwa kilicho cha baharini hakina neno. Basi Fundi alichukua majongoo mawili mazuri, akayaloweka siku tano akibadilisha maji asubuhi na jioni, akayapika taratibu kwa kuku na tangawizi. Yalivimba yakarudi karibu ukubwa wao wa baharini. Mize alitia kipande mdomoni akafumba macho. Kilikuwa laini kama nyama ya dafu changa, na ladha yake ilikuwa ya kuku. Akala cha pili ili ahakikishe. Katika cha tatu meno yake yalikutana na punje za mchanga, akaacha kutafuna.

"Huu hapa," alisema.

"Nini?" Shamte aliuliza, akimtazama mdomo.

"Mchanga. Nasugua nje tu. Ndani siyaoshi baada ya kuyapasua, nasubiri sufuria litoe. Sufuria halitoi."

Walitazamana. Jambo moja katika yale ambayo Bwana Hilal alikuwa anawatuma kuyatafuta ng'ambo lilikuwa mdomoni mwake, hapo hapo Chole. Mize aliwaza kama amwambie Bwana Hilal, safari isije ikavunjika. Alimwambia. Bwana Hilal alisema kwamba kama moja limeonekana, yapo mengine ambayo hayajaonekana, na tiketi amekwisha zilipia.

Jambo la mwisho lilikuwa karatasi. Fundi alitaka kuwaandikia kwa maandishi ya kwao kwamba watu hawa ni mke na mume, ni Waislamu, hawali nguruwe, wanaomba maji yaliyochemshwa, wanatafuta msikiti, na mzigo wao ni wa mtu fulani. Alidhani ni kazi ya asubuhi moja. Ilimchukua siku nne. Alisoma chuo cha kwao miaka miwili tu, na kwa miaka kumi na minane hakuwa na wa kumwandikia. Mize alimkuta amechuchumaa nje ya banda, anachora mchangani kwa kijiti, anafuta, anachora. Baadhi ya maneno yalimjia. Neno la nguruwe lilikataa kabisa, na mwisho alimchora nguruwe mwenyewe, mzuri, mwenye mkia uliojikunja, akampiga mstari katikati.

"Kwa nini usiende wewe, Fundi?" Mize alimuuliza siku ile. "Bwana Hilal angekutuma mapema."

"Alinitaka. Nilikataa." Alipuliza wino ukauke. "Nilipoondoka nilimwambia mama yangu miaka mitatu. Hiyo mitatu ningeweza kuieleza. Hii mingine sijui nitaielezaje."

"Kijiji chako kiko mbali na huko tuendako?"

"Mwendo wa siku mbili kwa mashua."

Mize alingoja aagizwe kitu. Hakuagizwa.

Waliondoka siku ya sita baada ya Idi. Binti yao Biubwa alivuka kutoka Juani kuja kuwaaga. Unguja walipanda meli, Bombay wakapanda nyingine, wakakaa sitahani na magunia yao. Katika meli ya pili palikuwa na mpishi Mchina, na Mize alikusanya ushujaa siku nzima kabla ya kumwendea. Alimwomba maji ya moto, *kwan sui*, kwa sauti zote alizofundishwa. Mpishi alimtazama, akatikisa kichwa. Alirudia. Yule mtu akajibu kitu ambacho hakikufanana hata na neno moja la Fundi. Mize alirudi kwa mumewe akidhani miezi mitatu yote ilikuwa mzaha. Shamte ndiye aliyechukua karatasi akaipeleka jikoni. Mpishi aliisoma, akaona nguruwe, akacheka mpaka akashika meza, na wakapewa maji ya moto na wali mweupe mpaka Singapuri. Baadaye waligundua kwamba Uchina ina lugha nyingi kama pwani na bara, ila maandishi ni mamoja, na mpishi alikuwa mtu wa kisiwa kingine.

Hong Kong, siku ya kwanza tu, mwenye duka la vyakula vikavu alimwelewa Mize mara moja, akamwita mkewe aje amsikilize.

Walikaa huko wiki saba. Walijifunza kwamba wanunuzi hulivunja jongoo na kunusa pale lilipovunjika, kwamba mkato wa tumboni lazima uwe mfupi na ulionyooka, kwamba moshi wa kumbi la nazi, ambao Mize alidhani unayapendezesha, ndio harufu waliyokuwa wakiilalamikia. Walirudi Chole mwaka uliofuata, na kuanzia hapo Mize aliyakausha kwa jua tu, hata kama mvua ingemchelewesha. Mizigo ya Bwana Hilal ilipanda daraja. Shamte akawa msimamizi wa kuchagua majongoo, kazi ya mikono na macho, akaifanya mpaka uzeeni, na watu wakazoea kusimama mbele yake wakitaka kusema naye.

Wiki waliyorudi, Fundi Alamu alikuja kuwaamkia. Alikaa mkekani tangu adhuhuri mpaka alasiri akiuliza. Je, kabichi bado zinauzwa kwa mafungu? Mvua ndogo ndogo ile ya mwezi wa pili waliiona? Wazee bado wanatembea na ndege kwenye vizimba asubuhi? Mize alimjibu moja moja, kwa makini, kama anayetoa ushahidi. Vizimba waliviona. Mvua waliiona, na makoti hayakuchukua muda kukauka.

Alipokwisha kuuliza, Fundi alimwomba Mize aseme naye kwa lugha ile, lolote tu.

Mize akamweleza habari za soko, jinsi walivyofika na nani alikuwa wa kwanza kununua. Mara mbili alitumia maneno aliyoyaokota huko, ambayo hakufundishwa naye. Fundi alisikiliza ameinamisha kichwa. Hakumsahihisha popote. Shamte alimtazama mkewe mdomo, kisha akamtazama Fundi, akainuka kwenda kumtafutia maji ya kunywa.

"Sijasikia mtu akisema nami hivi tangu Tanga," Fundi alisema kwa Kiswahili.

Mize akamuuliza, kwa lugha ya kwao, jina la kijiji chake linatamkwaje sawasawa. Akamwambia. Mize alilirudia mara ya kwanza vibaya, mara ya pili sawa. Fundi akapokea kata ya maji kutoka kwa Shamte kwa mikono miwili, akanywa.